Kina Kwanza, Kasi Mwisho: Jinsi ya Kukereza Chuma kwa Faida

Ukisimama Kitengela kando ya Barabara ya Namanga asubuhi, utaisikia lethi kabla hujaiona. Iko moja inayonguruma taratibu kama mtu anayejua aendako, na iko nyingine inayolia kama paka aliyekanyagwa mkia. Kazi zao zinafanana: shafti ya mashine ya kusaga iliyoletwa kutoka Isinya, bushi ya pampu ya kisima cha Ilbisil, pini ya trela ya lori lililokwama likienda Arusha. Wateja wao pia wanafanana. Kila mmoja anasema, "Fundi, naitaka leo."

Fundi akisikia "leo", mkono wake unakwenda kwenye wenzo wa gia na kuongeza mizunguko. Hasara huanzia hapo. Kisu kinaungua baada ya dakika chache, anasimamisha mashine, anakwenda kwenye grainda, anarudi, anapanga upya, anapoteza kipimo. Jioni inafika na shafti haijaisha. Jirani yake, ambaye mashine yake inazunguka polepole kuliko hiyo, amefunga kazi saa nane mchana.

Siri ya huyo jirani ni mpangilio. Anajaza kina kwanza, kisha mlisho, na kasi anaiacha mwisho. Makala haya yanaeleza kwa nini mpangilio huo unalipa, na jinsi ya kuutumia kwenye mashine tulizonazo: za mtumba, zilizolika kidogo, zenye mota ya nguvu ya wastani.

Vitu vitatu ulivyoshika mkononi

Kukereza si kazi ngeni katika Kiswahili. Maseremala wa Pwani walikereza miguu ya vitanda na viti zamani, kabla lethi ya umeme haijafika huku bara. Chuma kinafuata kanuni ileile: kazi inazunguka, kisu kinasogea. Unachoweza kubadilisha ni vitu vitatu.

Kina ni unene ambao kisu kinaondoa kwa mpito mmoja, kwa milimita. Kumbuka kwamba kina cha milimita 2 kinapunguza kipenyo kwa milimita 4. Mashine nyingine vipimo vyake vya gurudumu husoma kina, nyingine husoma kipenyo. Ukihamia mashine mpya, jaribu kwanza kwenye kipande kisicho na thamani.

Mlisho, au fidi kama wengi tunavyoita, ni umbali ambao kisu kinasogea kazi inapozunguka mara moja. Mlisho wa 0.25 maana yake robo milimita kwa kila mzunguko.

Kasi ya kukata ni mwendo wa ngozi ya chuma inapopita mbele ya kisu, kwa mita kwa dakika. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu wao husoma mizunguko tu. Mizunguko 300 kwenye fimbo ya milimita 20 ni mwendo wa pole wa mita 19 kwa dakika. Mizunguko hiyohiyo kwenye diski ya milimita 200 ni mita 188, na kisu cha haispidi kitakufa papo hapo. Hesabu ya kubeba kichwani ni hii:

Mizunguko kwa dakika = 320 × kasi ÷ kipenyo

Hiyo 320 imetokana na kugawanya 1,000 kwa 3.14 na kukadiria juu kidogo. Hesabu ikikupa namba iliyo katikati ya gia mbili, chukua ya chini.

Kabla ya hesabu: sakafu, umeme na kisu

Namba nzuri hazitaisaidia mashine iliyokaa vibaya. Sehemu kubwa ya Kitengela na nyanda za Athi ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha unavimba, kiangazi kikija unapasuka. Lethi iliyofungwa kwenye sakafu nyembamba juu ya udongo huo hujipinda pole pole, na kitanda chake kikipinda shafti hutoka nene upande mmoja. Fundi atalaumu kisu, atalaumu senta, kumbe ni ardhi imesogea.

Kila baada ya msimu wa mvua fanya jaribio hili. Funga fimbo nene ya milimita 50, itokeze nje ya taya kama milimita 150 bila senta ya nyuma. Pitisha kisu kikali kwa kina cha 0.2, kisha pima ncha zote mbili kwa maikromita. Tofauti ikizidi 0.02, toa pima-maji na urekebishe miguu ya mashine kabla hujagusa kitu kingine.

Umeme nao una neno. Nguvu ya mota ya kuzungusha hushuka kwa mraba wa volti. Volti zikipungua kwa asilimia 10, nguvu hiyo inabaki asilimia 81, yaani karibu tano moja imepotea bila wewe kuona. Saa ambazo welda wote wa mtaa wamewasha mashine, punguza kina kidogo, au panga kazi nzito ya kukwangua mapema asubuhi.

Kisu kiwe sawa na senta, si juu wala chini. Kisitokeze nje ya kishikilio zaidi ya mara moja na nusu ya unene wake. Kazi inayoshikwa na taya peke yake isitokeze zaidi ya mara tatu au nne ya kipenyo chake. Ukizidi hapo weka senta ya nyuma. Urefu ukipita mara kumi au kumi na mbili ya kipenyo, hata senta haitoshi, weka stedi ya kuishikilia kazi katikati. Ukiyapuuza haya, mashine italia kwa kasi yoyote utakayochagua.

Jua unachokata

Kiwandani chuma huja na cheti. Kwetu huja kwa mkokoteni kutoka kwa muuza chakavu. Ekseli ya gari, fimbo ya springi na bomba la maji vyote vina rangi moja ya kutu, lakini haviliki sawa.

Gusa kipande kwenye grainda na uangalie cheche. Chuma laini hutoa cheche ndefu, nyeupe za manjano, zenye kupasuka kidogo. Chuma chenye kaboni nyingi, kama springi, hutoa cheche zinazopasuka ovyo kama fataki, karibu na jiwe. Chuma cha kusubu hutoa cheche fupi zenye wekundu uliofifia. Kisha tumia tupa: ikiteleza bila kuuma, kipande kimefanywa kigumu kwa moto na kisu cha haispidi kitateseka. Dakika mbili za jaribio hili zinaokoa nusu siku.

Kwa nini kasi iwe mwisho

Mhandisi Mmarekani Frederick Winslow Taylor alilishughulikia swali hili kwa miaka 26. Alipochapisha matokeo yake mwaka 1906, majaribio yalikuwa yamefika makumi ya maelfu, na zaidi ya tani 360 za chuma zilikuwa zimegeuzwa maranda. Yeye na mwenzake Maunsel White ndio walioonyesha kisu cha haispidi kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900, watu wakashangaa kuona ncha inaiva nyekundu na bado inakata.

Alichogundua Taylor kinatuhusu moja kwa moja. Uhai wa kisu unategemea kasi kuliko kitu kingine chochote, na utegemezi huo ni mkali mno. Kwa kisu cha haispidi, ukiongeza kasi kwa asilimia 10 tu, uhai wa ncha hupungua kwa zaidi ya nusu. Ukiongeza asilimia 20, kisu kilichokaa saa moja kitakaa kama dakika 14. Kabaidi ina huruma zaidi: asilimia 20 huipunguzia uhai kwa karibu nusu. Lakini ukiizidishia kasi mara mbili, uhai unabaki moja ya kumi na sita.

Sababu ni joto. Kasi ndiyo inayopika ncha ya kisu. Haispidi huanza kulainika karibu na nyuzi 600 za Selsiasi. Mlisho nao huongeza joto, ila si sana hivyo. Kina huongeza kidogo kabisa, kwa sababu ukikata kwa kina zaidi kazi husambaa kwenye urefu mkubwa wa makali.

Basi mpangilio unajitokeza wenyewe:

1. Chukua kina kikubwa kadiri kazi, mashine na taya zitakavyovumilia. Lenga kuondoa nyama yote kwa mpito mmoja au miwili, ukibakiza nusu milimita ya kusafishia.
2. Chukua mlisho mkubwa unaokubaliwa na hatua hiyo. Kukwangua: 0.2 hadi 0.4. Kusafisha: 0.08 hadi 0.15.
3. Mwisho weka kasi, kulingana na chuma na kisu.

Kuna mpaka mmoja wa kuangalia, nguvu ya mota. Zidisha kina kwa mlisho kwa kasi: jibu ni sentimita za ujazo za chuma unazoondoa kwa dakika. Kila kilowati inayofika kwenye kazi huondoa takriban 30 za chuma laini. Mota ya kilowati 2.2, ile ya farasi 3, baada ya mikanda na gia hufikisha kama kilowati 1.5. Kwa hiyo mwisho wako ni 45 kwa dakika. Ukizidisha hapo mkanda utateleza au mota itanuka.

Kasi za kuanzia

Hizi ni za kuanzia, kwa mita kwa dakika. Namba ya kwanza ni ya kisu cha haispidi, ya pili ni ya kabaidi kwenye lethi ya kawaida:

- Chuma laini: 25–30, 100–150
- Chuma cha shafti aina ya EN8: 20–25, 80–120
- Chuma cha kusubu: 18–22, 60–90
- Chuma kisichoshika kutu: 12–18, 60–90
- Bronzi ya bushi: 25–35, 100–150
- Shaba ya manjano: 60–75; 150 na zaidi
- Alumini: 90 na zaidi; 200 na zaidi

Ekseli ya lori iliyofanywa ngumu kwa moto, ukiikata kwa haispidi, anza na 10 hadi 15 usikimbie.

Shafti ya mashine ya kusaga, hatua kwa hatua

Tuchukue kazi inayoingia karakana za barabara hii kila wiki. Shafti ya mashine ya kusaga mahindi imelika, mteja anataka mpya. Fimbo ni EN8 ya milimita 60, inatakiwa kushuka hadi 50 kwa urefu wa milimita 400. Kisu ni cha haispidi. Gia za mashine ni 70, 110, 175 na 280.

Fundi wa mazoea anaweka gia ya 175, mlisho wa 0.1 "ili itoke laini", na kina cha nusu milimita "ili mashine isichoke". Kipenyo kinatakiwa kushuka kwa 10, basi ana mipito kumi. Kila mpito ni 400 ÷ (0.1 × 175), yaani dakika 23. Jumla ni dakika 230, karibu saa nne. Tena mwanzoni, kwenye kipenyo cha 60, kasi yake ni mita 33 kwa dakika, juu kuliko inavyostahili EN8. Atanoa kisu njiani si mara moja.

Sasa fuata mpangilio. Cha kuondoa kwa upande mmoja ni milimita 5. Bakiza 0.5, zinabaki 4.5: mipito miwili ya 2.25. Mlisho 0.25. Kasi ya EN8 ni 22, hivyo 320 × 22 ÷ 60 ni mizunguko 117, gia ya chini yake ni 110. Angalia nguvu: 2.25 × 0.25 × 21 ni kama 12 kwa dakika. Mota yako inaweza 45, haina habari. Kila mpito ni 400 ÷ (0.25 × 110), dakika 14 na nusu. Miwili ni 29.

Mpito wa kusafisha ni mwepesi, kwa hiyo kasi inaweza kupanda hadi 28: gia ya 175. Kwa mlisho wa 0.1 shafti yote itachukua dakika 23. Jumla dakika 52.

Bado kuna muda wa kuokoa. Shafti hii inaguswa na beringi mbili tu, kila moja upana wa kama milimita 30. Sehemu nyingine inazunguka hewani, haiguswi na kitu. Safisha kwa mlisho wa 0.1 milimita 60 za beringi, dakika tatu na nusu, na zilizobaki pitisha kwa 0.25, dakika nane. Jumla imeshuka hadi dakika 40. Mteja hakulipi kung'arisha mahali ambapo unga utapafunika.

Kuhusu ulaini wenyewe, usibahatishe. Kimo cha mikwaruzo ni mlisho kwa mraba, gawanya kwa mara nane ya nusu kipenyo cha ncha ya kisu. Ncha yenye nusu kipenyo cha 0.8 kwa mlisho wa 0.2 inaacha mikwaruzo ya mikroni 6. Punguza mlisho hadi 0.1 na mikwaruzo inashuka hadi mikroni moja na nusu, robo tu. Ncha kali kama sindano huacha nyuzi hata ukienda pole. Izungushe kidogo kwenye jiwe la mafuta.

Kabaidi: isikupumbaze

Shafti hiyohiyo kwa kabaidi, kasi ya 100, inataka mizunguko 530. Ukiweka kina cha 2 na mlisho wa 0.25 utaondoa 50 kwa dakika, na mota ya farasi 3 haifiki huko. Punguza kina hadi 1.5: sasa ni 37.5, inawezekana. Mipito mitatu kwa dakika tatu kila mmoja, na kazi ya kukwangua imekwisha kwa dakika tisa. Kama mashine yako ina mizunguko hiyo, ni imara na kazi imeshikwa vizuri, hakuna ubishi, kabaidi inashinda.

Lakini kabaidi ina masharti. La kwanza, haipendi kwenda pole. Ukiizungusha kwa kasi ya haispidi kwenye chuma laini, vipande vya chuma hujiganda kwenye ncha, vinang'oka na kuing'oa nayo, na uso unatoka na magamba. Kama mashine yako haifiki kasi yake, baki na haispidi bila aibu.

La pili, maji. Ama yatiririke bila kukoma, ama kata kavu. Tabia ya kurushia maji kwa brashi mara moja moja huipasua ncha kwa sababu inapata moto na baridi kwa zamu.

La tatu ni kasi ya katalogi. Kwa kawaida imepimwa ili ncha idumu kama dakika 15, katika kiwanda ambacho dakika ya mashine ni ghali kuliko insati, yaani kile kipande cha kabaidi chenye ncha za kukatia. Kwetu mizani imegeuka. Tuseme insati yenye ncha nne inakugharimu shilingi 400, yaani 100 kwa ncha, na karakana yako ina thamani ya shilingi 10 kwa dakika. Ncha moja ni sawa na dakika kumi za kazi. Ongeza dakika mbili za kuigeuza, ni 12. Kanuni inayotokana na kazi ya Taylor inasema gharama huwa ndogo kabisa pale ncha ya kabaidi inapodumu mara tatu ya jumla hiyo: dakika 36. Ili kufika huko kutoka 15, punguza kasi ya katalogi kwa tano moja. Basi. Ukiambiwa 150, nenda 120.

Kwa haispidi kizidishio ni saba. Kama kutoa kisu, kukinoa na kukirudisha kunakula dakika nane, lenga uhai wa dakika 56 hivi. Kisu kinachotaka grainda kila robo saa kinakuambia umekimbia. Kinachokaa siku nzima bila kunolewa nacho kinakuambia umelala.

Kazi zenye mitego

*Shafti iliyojazwa kwa weldi.* Hii ndiyo kazi ya kila siku ya malori na trela. Kabla ya yote, muulize welda ametumia elektrodi gani. Iko ya kujazia sehemu za kulika, kama meno ya kuchimbia, ambayo haikatiki kwa kisu, inataka jiwe. Mwambie pia asimwagie maji ili ipoe haraka: EN8 ikipozwa hivyo ikiwa moto huwa ngumu kama kioo pembeni mwa weldi. Ifunike kwenye majivu au mchanga mkavu ipoe yenyewe. Kisha punguza kasi ya kawaida kwa theluthi, na mpito wa kwanza uingie chini ya mabonde ya weldi. Ukikwaruza juu juu, ncha inasaga magamba badala ya kukata chuma.

*Chuma cha kusubu.* Ngozi yake ina mchanga na ni ngumu. Vilevile, mpito wa kwanza uzame chini ya ngozi, milimita 1.5 au 2 kama nafasi ipo. Kikate kavu. Maranda yake ni unga, futa kitanda cha mashine ukimaliza, maana unga huo na mafuta ni msasa.

*Chuma kisichoshika kutu.* Kinakuwa kigumu kinaposuguliwa. Usikiruhusu kisu kiguse bila kukata, na usisimamishe mlisho katikati. Mlisho usishuke chini ya 0.1.

*Shafti yenye kijia cha kii.* Kisu kinapiga ukingo kila mzunguko. Haispidi inavumilia kipigo, kabaidi nyingi hazivumilii. Punguza kasi, usipunguze kina hadi kisu kibaki kinapigapiga.

Sikiliza na uangalie

- Maranda ya chuma kwa haispidi yawe ya rangi ya fedha, au manjano kidogo kama majani makavu. Yakigeuka buluu, shusha gia. Kwa kabaidi buluu si tatizo.
- Utepe mrefu unaojisokota: ongeza mlisho kabla ya kitu kingine, utepe mnene hukatika wenyewe. Usiushike kwa mkono kamwe, tumia ndoano.
- Mashine inalia: punguza mizunguko, kisha ongeza mlisho kidogo. Isipokoma, angalia kisu kimetokeza kiasi gani, halafu beringi.
- Uso una magamba kwenye chuma laini: ncha imegandwa. Kwa kabaidi ongeza kasi. Kwa haispidi punguza na uweke mafuta.
- Mstari unaong'aa kama kioo na kisu hakishiki: kisu kimekufa, kinasugua. Simamisha sasa hivi.
- Mota inanguruma na mizunguko inashuka: punguza kina. Kasi iache ilivyo.

Vaa miwani. Glavu, mikono mirefu, mkufu na shuka vibaki mbali na kinachozunguka. Ufunguo wa taya hautoki mkononi mwako mpaka urudi mahali pake.

Maji ya kisima yana lake

Mafuta ya kuchanganya na maji, yale yanayogeuka meupe kama maziwa, yanaongeza uhai wa haispidi na kusafisha uso. Uwiano ni kipimo kimoja cha mafuta kwa 20 hadi 40 za maji, na mafuta ndiyo yanayomiminwa ndani ya maji, huku unakoroga. Ukifanya kinyume hayashikani.

Hata hivyo Kajiado maji mengi ya visima ni magumu, yana chumvi. Maziwa yako yatakatika: mafuta yanaelea juu, chini yanabaki maji yanayoshikisha mashine kutu. Kinga maji ya mvua kwenye pipa kwa ajili ya mchanganyiko huu. Lita 20 zinatosha karakana ndogo kwa muda mrefu, ukizifunika zisiingie vumbi la barabarani.

Daftari lenye grisi

Namba zote za hapa ni mlango tu. Mashine yako ina beringi zake, mikanda yake, umeme wake na muuza chakavu wake. Namba halali za karakana yako zitatoka kwenye daftari la shilingi 50 lililoning'inizwa kwa waya karibu na lethi. Kila kazi andika mstari mmoja: chuma gani, kisu gani, kina, mlisho, mizunguko, dakika ngapi kabla ya kunoa. Wiki ijayo kazi kama hiyo ikija, badilisha kitu kimoja tu, gia moja juu au chini, na uandike tena. Ukibadilisha viwili hutajua ni kipi kilichosaidia.

Baada ya miezi michache kurasa hizo zitakuwa na thamani kuliko katalogi yoyote. Kijana aliyetoka chuoni na cheti chake atasoma hapo kile ambacho mtihani haukumuuliza. Na mteja wa Isinya akirudi na shafti nyingine akisema anaitaka leo, hutaukimbilia wenzo wa gia. Utafungua ukurasa, umwambie saa ya kurudi, na atakaporudi saa hiyo ataikuta imepoa tayari, imepakwa mafuta, imefungwa kwa gunia.